Ini la Yotham

Mwaka ule sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani, na pale Gulwe hata mtu mwenye meza tu kando ya njia aliuza vidonge. Yotham, kibarua wa kutengeneza reli, alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Hospitali ilimwambia aache pombe, naye akaacha. Yaani aliacha gongo na bia ya chupa. Pombe ya mtama hakuihesabu. Alikulia nyumba ambamo mtu akitoka shamba akanywa kibuyu kimoja, husema ameshakula. Basi kila asubuhi aliteremsha vidonge vyake kwa pombe hiyo, na kichwa kilipomgonga alinunua vidonge vya maumivu pale mezani, akameza vinne kwa mpigo.

Siku moja mkewe, Paulina, alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga.

"Baba Hana, macho yako yamekuwa ya manjano."

"Vumbi la kokoto hilo."

"Na mkojo wa rangi ya chai nao ni vumbi? Vaa shati twende."

Hospitalini walimkuta Sista Debora, mwanamke asiyecheka ovyo.

"Unakunywa pombe?"

"Niliacha, sista."

Paulina akakohoa. "Anakunywa ya mtama."

"Ile ni chakula," Yotham alijitetea.

"Ini lako haliulizi kama ni chakula wala imepikwa na nani," Debora alisema. "Kila unachomeza hupita hapo kivunjwevunjwe, kisha kitolewe. Dawa ikivunjwa, vipande vingine huwa sumu kuliko dawa yenyewe, kama makaa yanayodondoka jikoni. Ini lina maji yake ya kuyazima. Wewe na pombe yako mnapuliza moto huku mnayamwaga bure maji ya kuuzimia. Halafu unaongeza vidonge vya maumivu, vinne! Ulitaka nini kibaki?"

Yotham aliona aibu, na ilimfaa.

Dawa zilisimamishwa, akalazwa. Ini lilipumzika wiki tatu, macho yakarudi kuwa meupe, na dawa zikaanzishwa tena moja moja. Siku ya kutoka, Debora hakumung'unya maneno. "Bila dawa, kifua kitakuua. Ukichanganya na pombe, ini litakuua. Na mara ya pili huenda lisipone."

Februari palizi ilimkuta bado hana nguvu, magugu yameumeza mtama. Hapakuwa na njia ila kuita majirani walime kwa pombe. Paulina akapika, na alfajiri watu ishirini wakaja na majembe. Lakini desturi ya huko ni moja: mwenye shamba hunywa kwanza mbele ya wote, waone hakutia sumu. Asipoonja, hakuna anayegusa kibuyu, na bila kibuyu hakuna jembe linaloinuliwa.

Yotham alishika kibuyu. Funda moja tu, alijiambia, nani atajua?

"Vipi, Yotham?" mzee Nikodemo alimchokoza. "Umeokoka, au umetutilia dawa ya panya?"

Watu wakacheka, ila si wote.

Yotham akakishusha. "Shikamoo, mzee. Ini langu liliugua kwa pombe hii hii, ya mtama. Nikinywa nakufa. Sina zaidi ya hilo."

Paulina akajitokeza, akakitwaa kibuyu mkononi mwa mumewe, akanywa mafunda matatu makubwa, akajifuta mdomo.

Nikodemo akamkazia macho. "Mama Hana, bado upo?"

"Nipo, na magugu yapo. Mnangoja nini?"

Mzee akaangua kicheko, akapokea kibuyu. Kufika saa sita shamba lilikuwa safi. Yotham alipita kwa kila mmoja na maji ya kunywa, akisema ahsante, na kwa mkewe aliisema akashindwa kuimaliza.

Mapema mwaka uliofuata alimaliza dawa zake za mwaka mzima. Debora alipiga muhuri kwenye kadi bila tabasamu.

"Namshukuru Mungu, sista. Nakushukuru wewe, na mama Hana. Hata ini langu nalishukuru, maana nililitesa nalo likanisubiri."

"Lishukuru kila siku, basi," akasema Debora, aliyekwisha kusimuliwa habari ya kibuyu, "hasa siku za palizi." Kisha, kwa mara ya kwanza, akampa mkono.