Nusu Kavu ya Shuka

Kwa miaka kumi na minane mimi nilisimama kwenye meza ya pasi, Bi Povu akasimama kwenye mapipa ya kufulia, na katikati yetu ukawa mvuke. Chumba cha kufulia cha hospitali hukufanya uone watu nusunusu. Mtu anaondoka kabla hajaaga, mwingine anakuwa keshafika nawe hujamwona. Mara nyingi nimesinzia wima, nikizinduka nakuta mashuka yamekunjwa vizuri kuliko ninavyoyakunja nikiwa macho.

Yeye alikuwa wa mifuko myekundu, ile inayotoka wodi ya watoto wanaoharisha na wanaobanwa na kifua. Sisi wengine tuliikwepa, kila mtu na kisingizio chake. Mimi nilikuwa na mgongo. Yeye aliifungua taratibu, akavaa glavu ndefu, akalikunjua kila shuka mbele ya dirisha kabla ya kulitumbukiza. Msimamizi alimkataza mpaka akachoka. Ukimkataza jambo Bi Povu alikuitikia kwa heshima zote, kisha akalifanya.

Siku moja akaniita nikaone shuka. Mama akilazwa na mgonjwa mara nyingi huja na mtoto wa pili, kwa kuwa hana pa kumwacha, na wote hulala kitanda kimoja. Shuka lile lilikuwa limechafuka vibaya hadi katikati. Nusu ya pili ilikuwa kavu na safi, ungedhani haijalaliwa. Akaniambia ameona mengi ya namna hiyo, miaka nenda miaka rudi: kitanda kimoja, kijiko kimoja, mama mmoja, na bado mmoja anaugua na mwenzake anacheza na kamba ya pazia. Nikamtania kwamba huyo wa pili lazima alifundishwa adabu. Hakucheka, nami nikatamani nimeze maneno yangu.

Baadaye alinisimulia, mgongo kwangu, akisuuza. Alipoanza kazi hii alikuwa na pacha wa miezi minane, wa kiume na wa kike. Maradhi ya kuhara yaliingia nyumbani, naye hakuwa na shaka yaliingia na aproni yake. Wa kiume aliharisha siku tatu, akafariki. Wa kike hakuharisha hata mara moja. Mama mkwe wake alisimama mlangoni siku ya msiba akasema mbele za watu, "Ulimchagua msichana." Mungu anisamehe, mwanamke yule sikuwahi kumwona, lakini nimemchukia kwa moyo wangu wote. Maana Bi Povu alimwamini. Miaka ishirini na sita alijichunguza: ni yupi nilimnawia mikono vizuri, ni yupi nilimpa titi kwanza, ni yupi nilimpenda.

Msichana alikua akaitwa Pacha, na hakuna aliyemweleza pacha wa nani. Naye akazaa mtoto wa kiume. Ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa kuwa likizo yake ya uzazi ilikuwa inakwisha, mama yake alikuwa anastaafu mwezi uleule, na kila mtu alijua nani atamlea mtoto, isipokuwa Bi Povu mwenyewe. Alikataa. Akienda kumwona mjukuu alikaa kiti cha mbali, mikono ameikalia. Hakuwa amembeba hata mara moja. Pacha alikuja kwangu akilia, akisema mama yake hampendi mwanawe, na mimi niliyejua nikajikaza kisabuni nikanyamaza, kwa kuwa siri haikuwa yangu.

Ghorofa ya juu kulikuwa na binti wa maabara, mpole, mwenye miwani iliyojaa ukungu kila aliposhuka kwetu. Alikuwa anakusanya mate ya familia zenye watoto wachanga, apate kujua urithi una sehemu gani katika watoto kuugua au kutougua. Nilimsukuma Bi Povu mpaka akatema kwenye kichupa. Pacha naye akatoa, ya kwake na ya mtoto. Kisha wiki zikapita zikiwa nyeupe tu, shuka juu ya shuka, na nakumbuka nilikuwa nikiota mchana kwamba chumba kile hakina kuta.

Binti aliteremka na majibu asubuhi ambayo Pacha alikuwa amekuja na mtoto kumbembeleza mama yake kwa mara ya mwisho. Alifuta miwani, akatueleza polepole. Kwenye utando wa utumbo kuna sukari fulani ambayo baadhi ya virusi vya kuhara huishika kama tunavyoshika kitasa cha mlango. Watu wengi wanazaliwa na kitasa hicho. Wachache hawana, na virusi hivyo huwapita hivihivi. Nikamuuliza je, watoto wa kifua. Akasema huko nako kuna watoto ambao mwili haukurithi namna ya kukitambua kirusi mapema, mafua ya kawaida yakawashukia mapafuni, ila kipimo chake hakikufika huko. Hapa alijua haya tu: Bi Povu anacho kitasa, Pacha hana, na mtoto anacho, amekirithi kwa baba yake.

Bi Povu alizima bomba la maji. Akauliza kama pacha, wa kiume aliyekufa kwa kuhara na wa kike ambaye hakuugua, hurithi sawasawa.

"Hapana," binti akasema. "Kila mmoja na bahati yake, kama ndugu wengine tu. Kuhusu aliyekwenda siwezi kuapa. Lakini kama wa pili hakuugua kabisa, inaelekea yule aliyekwenda alikuwa nacho."

"Na kama mama yao ndiye aliyewaletea?"

"Basi aliwaletea wote wawili, mama."

Mashine ya kukausha ilizunguka, ikazunguka tena. Nilisubiri alie. Hakulia. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya msichana, "Kwa hiyo sikumchagua."

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kama mtoto, shati la daktari likaungua kola mbele yangu.

Pacha alikuwa ameelewa. Ilimchukua muda, uso wake ukipita kwenye mvuke mara unaonekana mara hauonekani, lakini alielewa jina lake lilitoka wapi na kiti cha mbali kilikuwa cha nini. Akamsogelea mama yake. Bi Povu akarudi nyuma hadi kwenye pipa, akisema mtoto huyu ana kitasa, huyu ni wa kundi la mjomba wake aliyekufa, wamtafutie mtu mwingine. Binti akadakia kwamba mtoto ameshapata matone yake ya chanjo ya kuhara, na kwamba wenye kitasa ndio chanjo hiyo huwakubali zaidi.

"Nimeongea na walezi watatu," Pacha akasema. "Wote wameniambia niondoe wasiwasi. Mimi simtaki mtu asiye na wasiwasi, mama. Nakutaka wewe."

Bi Povu alivua glavu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifuta kidole kimoja kimoja, nasi tukasubiri. Kisha akampokea. Mtoto alimtazama bila mshangao wowote, akamkamata ukosi wa gauni.

Pacha alikaa chini juu ya rundo la foronya. "Nisimulie kaka yangu alivyokuwa," akasema.

Mama yake alifikiri. Nadhani alikuwa anakwenda mbali sana.

"Alikuwa halali mpaka akushike sikio," akasema. "Alipokwenda, ulikesha wiki nzima unajigeuza. Nikakushika mimi, lakini mkono wangu ulikuwa mkubwa, ukaukataa."