Kompyuta ya Binamu

Siku binamu yangu alipoleta mashine, nilikuwa nimebakiza kuchonga majani mawili tu kwenye ubao wa kichwani wa kitanda. Nimeinama na patasi, nikasikia gari linarudi kinyumenyume uani na mjomba anacheka. Mjomba si mtu wa kucheka ovyo. Nikaweka patasi chini, nikaenda kusaidia kushusha.

Ilikuwa meza ya chuma yenye daraja linalokwenda mbele na nyuma juu yake, na kwenye daraja kumefungwa kisu kinachozunguka. Mota tatu za kulisogeza, na boksi lenye ubao wa umeme na nyaya nyingi. Binamu aliinunua kwa rafiki yake wa chuo aliyeitengeneza mwenyewe huko Dar.

"Unachora kwenye kompyuta, yenyewe inachonga," alisema.

Mjomba akanionyesha kwa kidevu. "Kama huyu?"

"Baba, huyu anakula. Hii haili."

Walicheka wote wawili. Na mimi nikacheka, maana ukikaa kimya wanajua imekuuma.

Niseme tulivyo. Mjomba ni kaka wa mama yangu, na karakana yake iko uani kwake, Mlali. Nilikuja kwake nilipomaliza darasa la saba, akanifundisha randa, msumeno, mwisho patasi. Binamu ni mwanawe wa kuzaa, alisoma mbele. Kwa mila yetu Waluguru, mpwa ndiye anayeshika nafasi ya mjomba, kwa hiyo binamu hunitania kwa kuniita "mrithi". Mrithi lete maji, mrithi nishikie tochi. Binamu ni mtani, huruhusiwi kukasirika. Mimi nilikasirika kila siku, ila kwa ndani.

Wiki ile tulikuwa na kazi ya mama mmoja wa Kilakala, mwalimu mstaafu. Alitaka mlango wa mbele wa pande mbili, wenye paneli sita za mninga, tatu kila upande, kila paneli ua la petali nane na mzabibu kuzunguka. Nilishaichora kwenye karatasi na nilikuwa naisubiri kama mtu anavyosubiri sikukuu. Mjomba akachukua karatasi yangu akampa binamu.

"Kama mashine itatoa sita nzuri kufika Jumamosi, kuchonga kutahamia huko," aliniambia. "Wewe utashika msasa na vanishi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema leo kuna mawingu mlimani.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Haya, fundi, anza."

Fundi. Miaka yote hiyo mimi ananiita mwanangu.

Siku ya kwanza binamu alitumia laptopu yake, nyembamba, nzuri. Tatizo lilikuwa tundu. Ubao wa mashine ulikuwa na tundu pana la kizamani, kama la printa za ofisini za zamani, na laptopu haina tundu hilo. Akaweka waya wa kugeuza, upande mmoja mwembamba, upande mwingine mpana. Akabonyeza. Kwenye skrini kisu kilitembea vizuri, kikachora ua langu lote, petali zote nane. Mezani hakikusogea hata unywele.

Alijaribu asubuhi nzima. Alizima, akawasha, akachomoa, akapuliza. Mimi nilienda nyuma ya choo nikatabasamu huko, nikarudi.

Mchana alimpigia simu yule rafiki yake. Akaambiwa ule waya unajua kuongea na printa tu. Mashine hii inataka kupigiwa hatua moja moja, na kompyuta yenye tundu lake yenyewe. Atafute ya mezani, ya zamani, ndiyo itafaa. Tukaenda mjini wote wawili. Mimi wa kubeba.

Duka lilikuwa la mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Morogoro, anauza kompyuta zilizotolewa maofisini. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa.

"Mnataka ya ofisi au ya kuangalia mpira?"

"Ya kuchongea milango," binamu akasema.

Mzee akainua kichwa. "Kama ni kuchonga nichukueni mimi. Mke wangu anasema nachonga mdomo kutwa nzima."

Binamu alicheka sana, wakaanza kupiga soga, mzee anamsifia moja mpya mpya, kumbukumbu kubwa, ina kasi. Mimi siwezi kuongea hivyo na mtu nisiyemjua. Nilichuchumaa nyuma ya meza nikawa nageuza kompyuta moja moja kuangalia migongo. Kule nyumbani nilikuwa nimehesabu vitundu vya ule ubao: kumi na tatu juu, kumi na viwili chini. Za pale dukani nyingi zilikuwa na tundu la skrini, vitundu kumi na tano kwa safu tatu. Nyingine zilikuwa na pini tisa tu. Halafu nikaona moja nyeusi chini ya meza, nzito, imewekewa feni juu. Nikaigeuza. Kumi na tatu, kumi na viwili.

Nilikaa nayo kidogo. Ningeirudisha feni juu yake tungeondoka na ile mpya, na ile mpya isingefanya kitu. Lakini nilitaka niwe mimi niliyeiona.

"Hii hapa," nikasema.

"Mrithi ana macho!" binamu akapiga kofi.

Niliibeba mpaka stendi, na kutoka barabarani mpaka nyumbani. Mjomba alikuwa mlangoni.

"Nimeipata, baba!" binamu akasema.

Nimeipata. Nilikuwa nimeikumbatia kifuani bado, ina vumbi, inanikwaruza mkono.

Kompyuta ile nyeusi ilichelewa kuwaka, ila ilipowaka mashine ikaitii. Nilisimama kuangalia ikichonga petali ya kwanza, na sitaki kudanganya, ilikuwa nzuri. Mstari laini, kina kilekile mwanzo hadi mwisho. Petali moja mimi hunichukua muda wa kuchemsha maharage. Ile ilichukua muda wa kumenya kitunguu. Nilihisi mikono yangu imekuwa mizito, kama nimevaa glavu za mtu mwingine.

Binamu, kwa furaha, akaunganisha spika kwenye kompyuta ileile akaweka muziki.

Kwenye petali ya sita kisu kiliruka. Kiliruka kidogo tu, unene wa kucha, lakini kuanzia hapo kila kitu kilikaa pembeni, petali mbili za mwisho zikapanda juu ya wenzao na mzabibu ukatoka nje ya fremu. Paneli ya kwanza ikaharibika. Mjomba aliishika, akaigeuza, akaiegemeza ukutani.

Kesho yake binamu alianza kutafuta ugonjwa. Alikaza skrubu zote. Alitenganisha waya wa kompyuta na waya wa mota ya kisu, maana alisema umeme wa mmoja unaingilia mwingine. Alizima intaneti. Alifungua kompyuta, akachomoa kile kibao cha kumbukumbu, akasugua yale meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, akarudisha. Wakati anafungua alikuwa amechomoa na nyaya za spika. Akajaribu kwenye ubao wa mabaki: ua zima, safi, petali nane.

"Imepona!" akapiga kelele. "Ilikuwa uchafu tu! Mrithi, njoo uone!"

Nikaja nikaona. Akamwita baba yake naye akaona. "Fundi," mjomba akasema, akampiga begani.

Binamu akarudisha spika, akaweka muziki wa kusherehekea, akafunga paneli ya pili.

Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, napiga msasa. Zile mota zina sauti. Kisu kikienda kulia zinaimba kwa sauti nyembamba, kikirudi zinaimba kwa nzito, na mtu aliyezoea kusikiliza patasi lazima azisikie. Wimbo ukaisha. Kabla wa pili haujaanza, mota zikakwama mara moja, tk, kama mtu anayemeza mate, zikaendelea. Nikasimamisha msasa. Wimbo wa pili ukaisha. Tk. Wa tatu, tk.

Nikageuka nikaangalia paneli. Imehama.

Nikaelewa palepale. Kompyuta ile ilikuwa mzee mmoja aliyepewa kazi mbili. Ikienda kuchukua wimbo mwingine, mkono unaoipigia mashine hatua unachelewa, hatua moja inapotea. Lilikuwa jambo dogo la kusema kwa neno moja, na neno hilo nilikuwa nalo mdomoni.

Nikarudi kwenye msasa.

Binamu alikaa chini kwenye vumbi la mbao, mikono kichwani. Halafu akaanza upya: waya mpya, skrubu tena, ufutio tena. Siku iliyofuata akafunga paneli ya tatu, muziki ukiwa chini kidogo ili asikie mashine. Nilihesabu nyimbo. Nilijua ya ngapi itaihamisha. Ilipohama nilisikia raha tumboni, raha ya kweli, na nyuma yake kitu kama njaa. Nilikuwa namwona mjomba akiirudisha mashine Dar. Nilikuwa namwona akinirudishia karatasi yangu.

"Baba, labda nimetapeliwa," binamu alisema Ijumaa asubuhi. Macho yalikuwa mekundu. Hakuniita mrithi siku hiyo hata mara moja.

Mjomba akainuka. Aliingia ndani akatoka na ubao mpana wa mninga, ule mwekundu, usio na kifundo, aliokuwa ameutunza juu ya dari tangu nikiwa mgeni pale. Mbao za kazi ya yule mama zilikuwa zimebaki tatu tu, na sasa zilihitajika zaidi. Akaulaza kwenye mashine mwenyewe. Akapitisha kiganja juu yake, kama unavyopitisha kwenye shingo ya ng'ombe.

"Jaribu huu. Ukiharibika, basi."

Binamu akabonyeza. Wimbo ulikuwa unaelekea mwishoni.

"Zima muziki," nikasema.

Hawakunisikia. Nikapita kati yao nikachomoa waya wa spika, lakini wimbo bado ulikuwa unatembea kwenye skrini, kimya. Sikujua kuuzima. "Uzime wimbo wenyewe! Uzime kwenye kompyuta!"

Binamu akauzima. Mashine ikaendelea. Tulisimama watatu mpaka ua likaisha, na mzabibu ukaisha, mzima.

Binamu alinitazama, akatazama spika, akaanza kucheka na kulia pamoja. "Muziki! Mrithi, muziki! Wiki nzima nasugua kumbukumbu kwa ufutio!"

Mjomba hakucheka. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema sasa hivi. Nilitazama msasa mkononi. "Ile ya pili."

"Ya pili ikiharibika, au imeshaharibika?"

"Ikiharibika."

Binamu akaacha kucheka.

"Ukiona msumari ndani ya ubao," mjomba akasema polepole, "ukamwacha mwenzako apitishe randa juu yake, wewe ni fundi?"

"Hapana, mjomba."

Akaenda ukutani akachukua zile paneli tatu. Ya kwanza akaiweka pembeni. "Hii si yako." Mbili akaziweka juu ya meza yangu. "Hizi ni zako. Zitaingia kwenye mlango wa watu. Sijui utafanyaje."

Nilifanya kwa patasi, Ijumaa yote mpaka jua linaingia mlimani, na Jumamosi tangu alfajiri. Petali iliyopanda juu ya mwenzake nikaichimba ikawa imejikunja, kama ua lililopigwa na upepo. Palipotoka nje ya fremu nikaongeza jani likafunika. Ilibidi nifuate makosa moja moja, nisiache hata moja, na makosa yenyewe nilikuwa nayasikia yakitokea, nikiyahesabu kwa nyimbo. Upande wa pili wa karakana mashine ilikuwa inatoa paneli zake safi, bila muziki, na binamu anapiga mluzi.

Mama wa Kilakala alikuja mchana. Paneli sita zilikuwa zimepangwa mezani. Akapita na kidole juu ya nne za mashine, akasema safi sana, safi sana. Akafika kwenye mbili zangu akasimama. Akavua miwani.

"Hizi mbona hazifanani na nyingine?"

Nilimsubiri binamu. Nilijua atasema nini. Atasema mashine ina namna mbili za kuchonga, atasema amejaribu mtindo mpya, nami nitakuwa na sababu ya kumchukia mwaka mzima.

"Hizo kachonga binamu yangu kwa mkono, mama," akasema. "Mimi nilikuwa nimeziharibu."

Aliishia hapo. Hakusema nani alikaa kimya wakati zinaharibika. Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya yule mama, ananitazama, anasubiri kama nina la kuongeza. Nikaokota msasa.

"Ziweke katikati, usawa wa macho," mama akamwambia mjomba. "Hizo mbili."

Jumatatu kuchonga kulihamia kwenye mashine. Mjomba alikuwa amesema kama zikitoka sita, na zilitoka nne, lakini sote tulijua hesabu ile: mbili nilizinyamazia mimi. Mimi nina msasa na vanishi, na patasi kwa ajili ya pembe, maana kisu cha mashine ni cha mviringo na hakifiki kwenye kona. Binamu akimaliza paneli huniletea mwenyewe mezani. Huwa anasimama kidogo, anataka nimwambie kama nimesikia chochote. Nikisikia, namwambia. Wivu haujaniisha. Namwambia huku unaniuma.