Mzee Imekolea na Taa za Mabawa

Kwanza tuelewane: fundi huyu hakuwa mzembe. Watu wakisikia yaliyompata hukimbilia neno hilo, na mimi hunikera. Mtu anayefunga mlango wa nyumba yake kisha anarudi mara mbili kukitikisa kitasa, mtu anayepanga spana zake kwa urefu na kujua kwa kupapasa tu ipi haipo, mwite mengine yote lakini si mzembe. Alikuwa na siri moja, na siri yenyewe hakuichagua. Macho yake hayakutofautisha nyekundu na kijani.

Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye karakana ya ndege ndogo, na hakuna aliyejua. Siku ya kupimwa macho alikuwa wa nne kwenye foleni, nje ya pazia, akisikia waliomtangulia wakimsomea daktari namba zilizofichwa kwenye vile vitabu vya vidoadoa. Daktari alikuwa na haraka, hakubadilisha kurasa. Naye, kijana wakati huo, akaingia akasoma namba zote kwa ufasaha, kama anasoma salamu za arusi. Akapata kazi.

Mtauliza alifanyaje kazi na nyaya. Nyaya za ndege nyingi ni nyeupe tupu, zimechapwa namba, na namba alizisoma vizuri kuliko mtu yeyote. Kilichobaki kilikuwa taa za mabawani. Sheria yake kila fundi anaijua: bawa la kushoto nyekundu, la kulia kijani, ili rubani anayeiona ndege kwa mbali ajue inaelekea wapi. Na hapo napo taa za zamani zilimsitiri. Kioo cha kushoto kilikuwa na pengo dogo ukingoni, cha kulia kilikuwa na mawili, na ukilazimisha kimoja kikae mahali pa mwenzake hakiingii.

Bado alipenda kuhakikisha. Kila alipofunga taa na kuziwasha, alimwita aliye karibu na kuuliza kwa uchangamfu, "Hebu nitazamie, imekolea?" Na watu walivyo, hawajibu swali tupu. Wangesema, "Aa, nyekundu yako leo kali, kijani ndiyo imefifia kidogo," na kunyoosha kidole. Yeye angeitikia kwa kichwa, amepata alichokitaka. Kwa swali hilo wakambatiza Mzee Imekolea. Walidhani ni mtu wa mikogo anayependa kusifiwa kazi yake. Aliwaacha wadhani hivyo.

Ikabaki miezi kumi na minne astaafu ndipo zikaja taa za LED, zile za kisasa zisizo na balbu.

Ndege ilikuwa ya injini moja, ya Kapteni. Kapteni alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyepeleka dawa na kuchukua wagonjwa kwenye viwanja vya vumbi, na kwa miaka kumi na mmoja hakutaka fundi mwingine aiguse ndege yake. Alichoshwa na balbu za zamani. Zilikuwa zinakula umeme, zinachemka, na ile ya kumulika wakati wa kutua ilikuwa inaungua kila baada ya wiki chache, daima siku ambayo anaihitaji. Akaagiza seti nzima ya LED: mbili za ncha za mabawa, moja ya mkia, na moja kubwa ya kutua.

Mzigo ulipokelewa na mtunza stoo, ambaye pia alikuwa shemeji yake fundi, mdogo wa mke wake. Shemeji huyu alikuwa na mtindo wake. Kuandika namba ndefu za vipuri kulimchosha, hivyo kila kipuri kikija alikibandua ile karatasi ya namba mgongoni na kuigandisha kwenye daftari lake kubwa la stoo. Daftari lilikuwa limevimba kama mkate, na yeye alijivunia usafi wake. Siku hiyo alitoa taa zote mbili za mabawa kwenye maboksi, akabandua karatasi, akagandisha, kisha akazirudisha. Kila moja ikaingia kwenye boksi la mwenzake.

Fundi alipozitoa alizigeuza mkononi, mbele na nyuma. Kioo cheupe, zote mbili. Umbo moja, matundu ya skrubu yale yale, hakuna pengo. Rangi ingeonekana zikiwaka tu, na zikiwaka ndipo yeye hakuwa na msaada. Akasoma maboksi: kushoto, kulia. Akayasoma tena. Akafunga kama yalivyosema.

Ilikuwa kazi safi, hilo lisemwe. Alisugua kutu pale waya unaposhika bati la bawa, akakaza, akafunga nyaya vizuri zisisuguane. Aliwasha taa akatazama kama dira inayumba, akajaribu redio asikie kama zinaleta mkwaruzo. Hazikuleta. Kisha akasimama mbele ya pua ya ndege, akatazama ncha hii na ncha ile kwa dakika nzima. Aliona mianga miwili mikali ya manjano manjano, mmoja labda umechafuka kidogo. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, karakana tupu. Mlangoni alikuwa shemeji peke yake, simu sikioni.

"Shemeji! Hebu nitazamie, imekolea?"

Shemeji akageuka nusu, akaweka kiganja machoni. "Imekolea? Mzee, inapofusha!" Akarudi kwenye simu yake.

Fundi alingoja aendelee. Hakuendelea. Angeweza kumwuliza ipi ni ipi, lakini swali hilo miaka thelathini na mmoja hajamwuliza mtu, na mdomo ukakataa. Akafungua kitabu cha ndege, akaandika kwamba taa zimefungwa na kujaribiwa, akatia sahihi na kugonga muhuri.

Jioni ile, jua likizama, Kapteni alikuwa anasogea polepole kuelekea njia ya kurukia, na rubani mwingine anakuja upande wa pili. Yule mwingine akamwita redioni.

"Kapteni, samahani, wewe unaondoka au unanijia? Maana taa zako zinasema unakwenda, lakini naona unazidi kuwa mkubwa."

Kapteni alisimamisha ndege pale pale. Akazima injini, akashuka, akazunguka mbele akatazama. Kushoto kijani. Kulia nyekundu. Alikuwa na wagonjwa wawili ndani.

Asubuhi iliyofuata bosi aliwaita fundi na mtunza stoo ofisini. Kapteni alikuwa tayari ameketi kwenye kona, mikono kifuani. Daftari la stoo lilikuwa mezani, limefunuliwa, na shemeji mtu alikuwa anatokwa na jasho kana kwamba chumba kina moto.

"Nani alikwambia ubandue namba za vipuri?" bosi alifoka.

"Bosi, mimi... ni utaratibu tu, ili daftari liwe safi."

"Safi! Watu wangekufa kwa usafi wako. Wewe hapa umemaliza. Kusanya vitu vyako."

Shemeji alimgeukia fundi. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja chombo cha watu. Ana watoto watano yule. Fundi moyo ulimuuma kweli, maana alijua kosa la maboksi lilikuwa la kukamatika. Mtu yeyote mwenye macho, akiwasha tu, angelikamata.

Na bosi si mjinga, akafika huko huko. "Lakini na wewe mzee. Umeandika umejaribu. Uliziwasha, ukasimama, ukatazama, hukuona?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Aseme niliona lakini sikujua rangi, na kila ndege aliyowahi kuitia sahihi ifunguliwe, na kila mtu ajue kwamba alianza kazi kwa kudanganya nyuma ya pazia. Au aseme la pili. Alisema la pili.

"Sikuziwasha, bosi. Nilikuwa na haraka. Niliandika tu. Kosa ni langu, si la stoo."

Kapteni alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akanyanyuka, akatoka bila kuaga. Bosi alikuna kichwa, akasema mtunza stoo apewe onyo, na fundi akae miezi mitatu bila kutia sahihi. Ripoti itachapwa, kesho aje aisaini.

Shemeji alimkimbilia nje, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shemeji, Mungu akulipe. Sikujua nitamwambia nini dada." Fundi aliutoa mkono wake taratibu na kusema hakuna neno.

Mke wake alijua siri tangu wiki ya arusi, mume aliposifia gauni lake jekundu wakati alikuwa amevaa la kijani. Tangu hapo alimpangia mashati kabatini, ya kazi kushoto, ya kutokea kulia, na hakuna siku alimcheka mbele ya watu. Habari ilimfikia kupitia kwa mdogo wake kabla mume hajavua viatu.

"Umewaambia hukuwasha?"

"Nimemwokoa mdogo wako."

"Usinipake mafuta. Umejiokoa wewe." Alikuwa anakunja nguo, na kila nguo aliikunja kama anaipiga. "Wewe, unayeamka kukagua kitasa nilichofunga mimi, umewaambia watu hukuwasha? Na wamekuamini?"

"Wameamini."

"Basi hapo ndipo ningelia mimi, ningekuwa wewe." Akabeba nguo zake akaenda chumbani.

Alifika karakanani akakuta ndege ya Kapteni imevuliwa. Magurudumu yametolewa, yako chini, vifuniko vya injini vimeegeshwa ukutani, viti viko nje, sakafu ya ndege imefunuliwa mpaka kwenye nyaya za usukani. Fundi mwenzake, mtu wa injini, alikuwa amepiga magoti pale gurudumu la kushoto lilipotolewa, na koleo mkononi, anakata kiwaya kidogo cha kufungia nati ya breki. Kiwaya kile alikisokota yeye, wiki tatu nyuma, mizunguko sawasawa.

"Kuna hitilafu gani?" aliuliza.

Mwenzake hakuinua kichwa. "Hakuna. Kapteni anataka kila ulichotia sahihi mwaka huu kifunguliwe."

Kapteni alikuwa amesimama upande wa bawa na kitabu cha ndege wazi mkononi, anaweka alama ya kalamu kila kitu kinapokaguliwa. Fundi akamsogelea.

"Kapteni, breki hizo ziko sawa. Nimezifunga mwenyewe."

"Na taa ulizifunga mwenyewe." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungekuwa umewasha ukakosea, mzee wangu, ningesema binadamu. Hata mimi nimewahi kutua uwanja usio wangu. Lakini umeandika umefanya kitu ambacho hukufanya. Sasa mimi nitajuaje hivi vingine ulivifanya? Miaka kumi na mmoja nimepanda hapa bila hata kuinama kutazama tairi, kwa sababu yako."

Kiwaya cha pili kikakatika. Fundi alikisikia. Aibu aliyoikimbia ofisini jana ikawa ndogo sana kando ya hii. Jana aliogopa watu wajue hana macho. Leo walikuwa wanaamini hana uaminifu, na wa kwanza kuwaambia hivyo ni yeye.

"Niliziwasha," akasema.

"Nini?"

"Niliziwasha, Kapteni. Nikasimama pale mbele, nikatazama dakika nzima. Sioni rangi. Nyekundu na kijani, kwangu mimi ni kitu kimoja. Tangu kuzaliwa."

Mtu wa injini aliacha kukata. Kapteni alifunga kitabu na kidole chake kikiwa bado ndani.

"Kwa hiyo ile imekolea, imekolea..."

"Nilikuwa nawauliza nyinyi."

Usoni mwa Kapteni ikapita hasira, kisha kitu kingine ambacho si hasira. Hakumwambia pole. Alimgeukia mtu wa injini: "Rudisha magurudumu. Funga kiwaya kingine." Kisha kwa fundi: "Twende kwa bosi. Utasema wewe, mimi sitakusemea."

Ripoti ilikuwa mezani, imekwisha kuchapwa, ina visanduku viwili vikubwa. Cha kwanza, Chanzo cha Kosa: fundi alitia sahihi bila kujaribu taa. Cha pili, Hatua Iliyochukuliwa, na ile miezi mitatu. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti, akashika paji la uso kwa vidole vyote.

"Unajua umenifanya nini? Jana ulikuwa mzee mvivu, ningekusamehe, ungestaafu na keki. Leo itabidi niwashe taa za kila ndege iliyopita mikononi mwako."

"Sita bado zinaruka," fundi akasema, na akazitaja zote kwa namba.

Bosi akakata kwa kalamu mstari wa kwanza na kumsukumia karatasi. Fundi akaandika kwa mkono wake: fundi alijaribu taa, fundi hawezi kutofautisha nyekundu na kijani. Bosi akaivuta karatasi, akakata na mstari wa ile miezi mitatu, kisha kalamu ikasita.

"Andika kwamba amesema mwenyewe," Kapteni akasema.

"Hiyo siyo hatua."

"Andika."

"Hakuna kisanduku cha hiyo, Kapteni." Bosi aliandika anachotakiwa kuandika: muhuri unarudishwa, sahihi yake haitakubaliwa tena kwa ndege yoyote. Akanyoosha mkono. Fundi akautoa muhuri mfukoni, mpini wake umelainika kwa miaka, akauweka mezani.

Kisha akaonyeshwa mahali pa kusaini. Alisaini polepole, herufi zote, jina zima, kama alivyosaini siku ya kwanza kazini.