Mstari Uliosahaulika kwenye Barua ya Rufaa

Telesia alizaliwa Kichiwa, akasomea ukarani Makambako, na sasa anafanya kazi mjini Njombe, katika ofisi ndogo inayohudumia zahanati kadhaa za binafsi. Kompyuta zao ni kuukuu na zinatumia LibreOffice, kwa kuwa programu hiyo ni ya bure. Alipoanza kazi, kila zahanati ilikuwa na barua zake. Huku nembo imepinda, kule anuani ya zamani, kwingine cheti kimenakiliwa mpaka herufi zimefifia. Telesia alizikusanya zote, akatengeneza violezo vya aina moja, akaviweka kwenye folda ambayo kila zahanati inaifungua kwa mtandao. Watu walimshukuru mpaka wakamwita Mama Violezo, ingawa hana mtoto.

Kiolezo kikihifadhiwa vizuri hakiharibiki. Ukikifungua kinakupa karatasi mpya, chenyewe kinabaki kilivyo. Lakini barua ya rufaa, ile ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, Telesia aliimalizia wakati wenzake wanafunga madirisha na mvua imeanza, akaihifadhi kama waraka wa kawaida. Hakugundua.

Aligundua asubuhi moja ya Juni, baridi imekaza, alipoifungua ili abadilishe namba ya simu. Kwenye nafasi ya mzio, iliyopaswa kuwa tupu, palikuwa na maneno: "Mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote."

Akayasoma tena. Kuna mtu alijaza barua ya mgonjwa wake, akaihifadhi juu ya ile ya wote, kisha akafuta jina na kusahau mstari huo. Barua zote zilizofuata zilikuwa zikisema hivyo. Akampigia Hezekia, tabibu wa zahanati ya Makambako.

"Daktari, leo mmetoa rufaa yoyote?"

"Moja. Mama Rebeka, kifua kimembana vibaya. Gari limeondoka kitambo, sasa hivi watakuwa wamefika huko kwenu. Kuna nini?"

"Ana aleji ya dawa?"

"Penisilini. Iko kwenye faili lake. Nimeiandika… ngoja." Telesia alisikia karatasi zikipekuliwa. "Dada, nilijaza jina na ugonjwa tu. Pale chini palikuwa pamejaa tayari. Mungu wangu, nimeweka sahihi."

"Mpigie mume wake. Mimi nakimbilia hospitali."

Alitoka bila koti. Kwenye bodaboda meno yaligongana, na hakujua ni baridi au ni hofu. Ukungu ulikuwa mzito, dereva alienda taratibu, na Telesia alitamani kushuka akimbie kwa miguu. Simu ikaita. Ni Hezekia, akisema mume hapokei, na simu ya hospitali haipatikani.

Wodini alielekezwa kwa mzee Lukas, mume wa Rebeka, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kofia mkononi.

"Kamwene, baba. Mama yuko wapi?"

"Kamwene. Yuko ndani, wamemchoma sindano sasa hivi."

Telesia alisukuma mlango akaita, "Nesi! Huyo mama ana aleji ya penisilini! Barua imekosewa!"

Nesi Hilda aligeuka. Alimtazama mgonjwa, na Telesia naye akatazama. Midomo ya Rebeka ilikuwa imeanza kuvimba, na pumzi yake ilitoka kwa mluzi. Hilda hakuuliza lolote. Alimwita daktari kwa sauti, akavuta toroli, na mtu akamtoa Telesia nje na kufunga mlango.

Alikaa kando ya mzee Lukas. Walisikia vyuma vikigongana na watu wakisemezana haraka haraka. Mzee alikuwa akiikunja kofia yake.

"Mimi nilijua," alisema. "Ile dawa ilitaka kumuua zamani, tukiwa bado vijana. Lakini nesi alinisomea barua, ikasema hana. Nikajiambia, daktari anajua kuliko mimi. Nikanyamaza."

"Baba, barua ile niliitengeneza mimi," Telesia alisema.

Mzee alimtazama. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kuomba kwa Kibena.

Hilda alipotoka, jasho lilikuwa likimtiririka. "Anapumua," alisema. "Mngechelewa kidogo tu kutuambia, tungekuwa bado tunahangaika kujua ni nini."

Siku hiyohiyo Telesia alimweleza mratibu wake kila kitu. Alitegemea kufukuzwa. Mratibu alimwambia atafute kwanza wagonjwa wengine waliotoka na barua ile. Telesia na matabibu walipiga simu moja baada ya nyingine, na kila isiyopokelewa waliipiga tena. Wote walikuwa wazima. Rebeka alirudi Makambako akiwa amedhoofu, lakini kwa miguu yake.

Telesia aliihifadhi upya barua ya rufaa, safari hii kama kiolezo, akaifunga folda ili wengine wasome tu. Kisha akazunguka zahanati zote, akikaa na kila anayegusa kompyuta na kumtaka asome barua nzima kwa sauti kabla ya kuichapa. Makambako, karani mmoja alicheka. "Dada, mbona unatutisha hivyo?"

"Soma," Telesia alimwambia. Akaweka kidole kwenye kioo. "Anzia juu."