Debe la Kusukwasukwa

Nilipokuwa na miaka saba niliamini, kwa moyo wangu wote na bila aibu, kwamba debe la bibi yangu kule Mkumbi halikuwa na mwisho. Habari hiyo nilipewa na binamu yangu. Mahindi yakimiminwa mle, alisema, sehemu yake huteremka chini kwa chini, ikapita chini ya milima yote ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa, na ikigusa maji inageuka usipa, wale dagaa wa ziwani. Ndiyo maana watu wa ziwani hupanda kwetu na usipa, wakashuka na mahindi. Niambie wewe, ningebisha nini hapo?

Hata leo harufu ya usipa wa kukaangwa ikinipata popote, narudi uani kwa Bibi, Februari, mvua imegoma kukatika tangu, kwa makadirio yangu, enzi za Nuhu. Februari kwetu ni mwezi wa kuchungulia ghala. Mahindi ya shambani yalikuwa bado machanga, na yale ya ghalani Bibi aliyapima kwa macho kila asubuhi, akiguna.

Siku moja akaja Mama Usipa, mchuuzi wa kutoka Liuli, ametembea siku mbili. Kikapu chake, ambacho kwa desturi kikijaa kilibadilishwa kwa debe moja la mahindi, hakikufika hata nusu.

"Ziwa limetunyima, dada," alisema, akitazama chini. "Nipimie kadiri yake."

Bibi alijaza debe hadi ukingoni, akalishindilia kwa viganja, kisha akalibana kwa magoti na kulitikisa. Mahindi yakazama vidole vinne. Akaongeza, akatikisa, yakazama tena. Wapendwa, nywele zilinisimama. Nilikuwa naliona ghala letu lote likielekea ziwani, na ugali wangu ndani yake. Nikatumbukiza mkono hadi kwapani kuiziba hiyo njia.

"Bibi, basi. Linameza."

"Toa mkono, mjukuu," Mama Usipa akasema. "Usije ukapimwa nawe, na mimi sina usipa wa kukulipia."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akaweka kilele juu, kikaporomoka pande zote, na Mama Usipa akakinga upindo wa khanga yake kifuani, akapokea.

"Kile kipimo cha kanisani ndicho hiki," Bibi akaniambia. "Cha kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika."

Nikalitazama debe kwa hofu takatifu. Kumbe hata Mungu alikuwa na debe kama letu.

Ukubwani, katika masomo ya jioni, mwalimu alitueleza asili ya msemo huo. Wapimaji nafaka wa nchi za kale za Biblia walishindilia na kutikisa ili nafasi zilizojificha kati ya punje zijae, kisha wakamimina kwenye mkunjo wa vazi la mnunuzi, hapo kifuani. Kipimo kisichotikiswa, alisema, kinauza hewa. Mimi na ndevu zangu nilikaa mdomo wazi. Nilikuwa nimeyaona hayo yote uani kwetu.

Lakini jambo moja halikunitoka. Juzi nilimuuliza mama, akiwa anachambua kahawa: mwaka ule Bibi alimwaga vile, mbona hatukulala njaa?

"Ninyi hamkulala njaa," mama akasema. "Bibi yako alikula mara moja kwa siku mpaka mahindi mapya."