Mama Aliyetafsiri Katuni Muheto

Sikuota, na sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa Jumapili, mchana kweupe, watu wametoka kanisani, na chumba kilijaa. Uliza yeyote hapa Muheto.

Kazi yangu ni kuonyesha katuni katika nyumba moja ya mbao. Ni katuni ya zamani, ya Kifaransa, ya mpishi mnene anayebishana na bata wake, na bata ndiye mwenye akili. Watoto wanakuja, wazee pia. Mimi husimama kando ya televisheni nikitafsiri kwa Kiswahili. Nimekulia Goma, lugha nyingine za huku sizijui. Wafugaji, wanaosema Kinyarwanda, walikuwa wakikaa upande wa dirisha, na wakulima, wanaosema Kihunde, upande wa pili. Miezi ile walikuwa hata hawasalimiani.

Siku hiyo sauti ilinikauka kabisa. Watoto wakaanza kunung'unika. Ndipo mama mmoja akasimama nyuma, kitenge chake kimelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Sikuwahi kumwona.

"Kaka, pumuzika," akaniambia. "Mimi njo nitasema kwa nafasi yako."

Ningekataaje? Nikaenda kukaa mlangoni. Niamini, bata alipomjibu mpishi, Papa mmoja, mzee mfugaji, alimwangukia mkulima begani kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Katuni ilipoisha, yule mama hakuwapo. Mlango ni mmoja tu, na mgongo wangu ulikuwa umeuegemea.

"Ule mama anajua Kinyarwanda muzuri!" akasema yule Papa.

"Kinyarwanda gani?" Mama Furaha, mkulima wa maharagi, akashangaa. "Alisema Kihunde, Papa. Kihunde ya bibi yangu."

Mimi nilikuwa nimesikia Kiswahili. Nani alikosea? Binti wa Mama Furaha alikuwa amerekodi kwa simu. Tukainamisha vichwa, tukasikiliza. Kifaransa cha katuni kilikuwamo, na vicheko vyetu. Sauti ya mama hakuna.

Yangu ilirudi siku ya tatu, kama kweli ni yangu. Juzi muuza maziwa alinisimamisha njiani: "Kaka, siku hizi unatafsiri Kinyarwanda bila kukosa!" Mimi, nisiyejua hata kuhesabu mpaka tano kwa lugha hiyo! Mama Furaha naye anaapa ni Kihunde. Sasa wanakaa benchi moja, na hilo linanifurahisha. Lakini kila nikifungua mdomo mbele yao, sijui ni nani anayesema.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikia: mtu usiyemjua akitaka kusema mahali pako, muulize kwanza jina lake na anakotoka. Mimi sikumuuliza.