Valvu Mbili Zinazolingana

Mzee alileta valvu zake, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja imevikwa soksi ya mtoto. Aliliweka kopo juu ya meza yangu ya kazi kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha mayai, kisha akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa. Hakuwa mgeni. Alikuwa mteja wa baba yangu kabla sijazaliwa, na tangu baba afe na kuniachia kibanda hiki cha kutengeneza redio, mzee aliendelea kuniita nyar fundi, yaani binti wa fundi kwa lugha ya kwao huko ziwani.

"Nyar fundi, ndizo hizo," alisema. "Nimezunguka mpaka Mogogosiek, mpaka Merigi. Moja nimeitoa kwa kanisa, kwa ile mashine yao ya zamani ya spika. Wakaniuliza, mzee, hizi chupa unapeleka wapi? Nikawaambia naenda kuotesha miche."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvua soksi.

Kwa miaka mingi alikuwa mchumaji wa chai katika shamba la kampuni lililo juu ya soko letu, na Jumapili alipiga gitaa kwenye ukumbi wa kambi ya wafanyakazi. Amplifaya yake ni ya valvu, nzito kama mfuko wa mbolea. Ndani yake hukaa valvu mbili kubwa ambazo ndizo hutoa nguvu ya sauti. Hufanya kazi kwa kupokezana, moja ikivuta na nyingine ikisukuma, kama watu wawili kwenye msumeno mmoja, kwa hiyo lazima zilingane. Moja ikiwa na nguvu kuliko nyingine, hiyo hubeba mzigo wote, hupata joto kupita kiasi, na ikiharibika vibaya huichoma transfoma ya spika. Valvu bado unaweza kuitafuta, ukajaliwa. Transfoma ya amplifaya ile haipatikani tena.

Valvu zake zilikuwa zimekufa, na kambi ilikuwa inafungwa. Mashine za kuchuma chai zimekuja, na watu wachache nyuma ya mashine hunyoa shamba lililokuwa likijaa vikapu kutoka mwisho hadi mwisho. Waliobaki kambini walikuwa wameambiwa watoke. Jumapili iliyokuwa mbele yetu ndiyo ingekuwa ya mwisho ukumbini. Kuanzia Jumatatu malori yangepanda kuwabeba, wengine kwenda ziwani, wengine Kisii, wengine Chebunyo kwa jamaa ambao hawakuwa wakiwangoja. Mzee alitaka kuwapigia mara moja kabla hawajatawanyika, na kwa sauti ile ile waliyoijua. Alikuwa amempata mke wake katika ukumbi ule, akicheza mbele ya amplifaya ile. Alimzika kutoka ukumbi ule ule.

"Kuna hizi spika za kuchaji," nilimwambia. "Ninaweza kukuunganishia moja."

"Hiyo ni ya kuuzia sumu ya panya sokoni, mama."

Nikawasha mashine ya baba ya kupimia valvu. Ni sanduku la chuma lenye matundu juu, unachomeka valvu, unaisubiri ipate moto, halafu unabonyeza kitufe na kutazama mshale unafika wapi. Ya kwanza haikuwaka kabisa. Ya pili iliwaka vizuri, mshale ukapanda na kutulia mahali pa kuridhisha, nikapawekea alama ya chaki. Ya tatu, ile ya kanisa, ilikuwa inavuja umeme ndani, nikaichomoa haraka. Mzee alikuwa ameshika soksi ya valvu ya nne, akiikunja na kuikunjua.

Ya nne ilichukua muda kupata moto. Nilipobonyeza, mshale ulipanda polepole ukasimama juu ya ile alama ya chaki, haukuzidi wala kupungua.

"Zinalingana," nilisema.

Mzee aliinuka kwenye stuli. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akainamisha kichwa.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati kuna kinu cha kusaga mahindi. Nikatambua kwamba sauti yake ilikuwa imezama, mota inaguna kama ng'ombe anayevutwa kupanda mlima. Mama mwenye kinu akawapigia wateja kelele.

"Ngojeni kidogo! Kiwanda kimewasha feni za kunyausha majani ya chai. Hii stima imekuwa chai ya strungi, hata maziwa haina!"

Watu wakacheka. Mimi nilitazama juu ya meza yangu.

Baba alikuwa ametundika pale balbu ya kizamani, ile ya waya mwembamba ndani. Haikuwa ya kumulikia kazi. Kitufe cha ile mashine ya kupimia, cha kuangalia nguvu ya stima, kiliharibika zamani, na kwetu huku, kiwanda cha kampuni kikiwasha feni zake mchana, stima ya soko zima hulegea. Balbu ikiwa nyekundu, baba aliacha kila kitu na kunywa chai. Ikirudi kuwa nyeupe, alianza kupima upya tangu valvu ya kwanza. Sikuwahi kumwona akipima valvu mbili kwa stima mbili. Ilipoungua balbu ile, mimi nilitundika ya kisasa, ya kuokoa umeme. Hii, stima ikiwa nzima au strungi, huwaka vile vile.

Valvu ya pili niliipima kwa stima nzima. Ya nne niliipima kwa stima legevu, na bado ilifika kwenye alama.

Nilichomeka tena ile ya pili. Mshale uliishia chini kabisa ya chaki. Nikaisubiri ipoe, nikarudia, nikitumaini kwamba kosa langu halikuwa kosa. Kisha tukangoja feni zizimwe. Nikazipima zote mbili tena, moja baada ya nyingine: ya pili kwenye chaki, ya nne mbali juu yake.

"Hazilingani, mzee," nilisema. "Hii ina nguvu sana kuliko hii. Stima ndiyo ilitudanganya."

Alikaa. "Tofauti kubwa?"

"Kubwa."

"Weka hivyo hivyo."

"Itakuchomea transfoma. Transfoma ikiungua, hiyo amplifaya imekwisha, hakuna fundi wa kuirudisha. Iache ipumzike. Siku moja valvu zitapatikana."

Alinitazama bila hasira.

"Nyar fundi, hiyo transfoma ninamwekea nani?"

Watoto wake wako mjini na hakuna aliyeshika gitaa. Mpiga besi wake alikufa. Mpiga ngoma ndiye aliyekuwa ameondoka kambini mwanzo kabisa. Nilizirudisha valvu kwenye soksi zao, na Jumapili nikabeba mfuko wangu wa vyombo nikapanda kambini.

Nilizifunga valvu ndani ya amplifaya, nikazipunguzia umeme kadiri ilivyowezekana, nikamwomba asipite nusu ya sauti. Milango ya nyumba nyingi ilikuwa wazi na ndani hamna kitu. Vitanda vilikuwa vimefunguliwa na kuegemezwa ukutani. Watu waliingia ukumbini wakiwa bado na vumbi la kufunga mizigo.

"Mzee, leo usitupigie nyimbo za matanga!" mama mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

"Za matanga huko mnakoenda mtapigiwa na nani?" akamjibu. "Chukueni kabisa zote."

Wimbo wa kwanza ulitoka. Ile sauti ilikuwepo, nene na yenye ukali kidogo pembeni, ikijaza mabati ya paa. Watu walicheza bila kutazamana. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya amplifaya, kidole kwenye swichi, nikiitazama ile valvu yenye nguvu. Katika wimbo wa pili chuma cha ndani yake, ambacho hutakiwa kubaki cheusi, kilianza kuwa chekundu kama tumbo la jiko la makaa. Nikainua mkono. Mzee aliuona. Alitikisa kichwa, akanyoosha mkono wake nyuma na kupandisha sauti hadi mwisho.

Ningeweza kuzima. Sikuzima.

Kulikuwa na mwanga wa zambarau, mlio kama kitambaa kinapochanwa, kisha harufu ya vanishi inayoungua. Fyuzi ilikatika, lakini ilichelewa. Mzee aliendelea kupiga. Vidole vyake vilitembea kwenye nyuzi na ni sisi wa karibu tu tuliosikia ule mlio mkavu wa gitaa la umeme lisilo na umeme. Waliokuwa nyuma ndio waliosimama kwanza. Kisha wa katikati. Wa mbele walicheza kidogo zaidi, wakasimama nao, na mtu mmoja akaanza kupanga viti.

Jumatatu lori lililombeba lilipita mbele ya kibanda changu, limejaa magodoro, kuku, na gitaa limefungwa kwa blanketi. Aliinua mkono. Amplifaya haikuwa humo. Niliikuta kwenye veranda ya ukumbi, nikaileta kwa mkokoteni.

Transfoma imeungua, kama nilivyojua. Ile valvu yenye nguvu imekufa. Ile dhaifu nimeipima, mchana, feni zikiwa zimezimwa, na mshale unafika kwenye chaki yake kama kawaida. Ipo rafuni ndani ya soksi. Hakuna aliyeniulizia valvu nyingine tangu siku ile.